Unga wa Zamani Kwanza

Kwanza ninaomba radhi kwa mwandiko huu. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na herufi zangu zinalala upande kama mahindi baada ya upepo. Ukikuta neno limekosewa, lisome kwa sauti, utalisikia. Karatasi hizi zimenichukua Jumapili tatu. Mdomoni mimi ni mzito zaidi kuliko kwenye kalamu, wanaonijua watakuambia, na ndiyo sababu ninaandika badala ya kusema.

Wiki nne zilizopita nilinunua unga sokoni hapa Likasi, kwa vikombe, kama tunavyonunua sote siku hizi. Nilipofungua mfuko nyumbani, harufu ilinipiga puani. Unga ulikuwa wa zamani, umeshikana madonge, na fukusi wawili walitoka ndani bila haraka kama wenye nyumba. Mtu mwingine angeurudisha na kumtukana muuzaji. Mimi nilikaa chini, nikacheka kwa hasira peke yangu, kwa sababu harufu ile ndiyo utoto wangu. Nimeila miaka kumi.

Tuliishi Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangwa mstari, zote sawa, hata usiku wa giza ungeweza kuingia kwa jirani na kutafuta kitanda chako. Baba alikuwa fundi wa mikanda mikubwa ya mpira inayobeba mawe ya shaba. King'ora kilipolia asubuhi aliondoka, kilipolia jioni alirudi, na kila baada ya wiki mbili kampuni ilitupa posho: mfuko wa unga wa mahindi, chumvi, mafuta, samaki wakavu, wakati mwingine maharagwe. Unga ule ulikuwa mweupe sana. Siku ya posho, baada ya salongo ya asubuhi, wakati watu wote wamekwisha kufagia barabara na kufyeka majani kama serikali ilivyotaka, kambi nzima ilinukia bukari mpya, ndiyo ugali. Ungesikia miiko ikigonga sufuria kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho.

Isipokuwa kwetu. Kwetu tulikuwa na nkambo.

Nkambo ni bibi, mama wa baba. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo, chumba kidogo nyuma ya jikoni, kisicho na dirisha, ambamo hakuna mtu aliyeingia bila yeye. Ndani alikuwa na madebe ya unga, saba au nane, yamesimama mstari ukutani, kila moja na mistari ya makaa ubavuni ili ajue lipi lilitangulia. Posho ilipofika, unga mpya ulikwenda nyuma ya mstari. Sisi tulikula kutoka debe la mbele, lile la zamani kuliko yote. "Cha zamani kinaisha kwanza," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kifuniko.

Sikiliza vizuri, msomaji, maana jambo hili lilimtoa mama yangu machozi. Unga mpya ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya nyumba, mweupe, unanukia. Lakini kabla haujafikia zamu yake ulikuwa umekaa miezi mitatu na zaidi katika chumba cha joto, umeingia fukusi, umekuwa mchungu. Ndipo tulipoula. Siku hiyohiyo mwingine mpya uliingia nyuma kuanza kuharibika. Hatukuwahi kula unga mzuri hata mara moja, na hatukuwahi kukosa unga hata siku moja.

Mama alijaribu. Nakumbuka jioni moja ameshika chekecheo, anatoa wadudu, uso umemvimba.

"Mama," alimwambia nkambo, maana alimwita hivyo kwa heshima ya mkwe, "tupatie kuku hii yote ya zamani mara moja tu. Mara moja! Kisha tutakula bunga mupya kila siku, mpaka tufe."

"Kuku?" Nkambo alishtuka kama amesikia wizi. "Kuku iko na miguu, ijitafutie. Na siku posho itakatika?"

"Itakatika namna gani? Kompanyi iko hapa tangu wakati ya bazungu."

"Bazungu benyewe niliona banakatika, na macho yangu," alisema nkambo. "Posho iko ya kompanyi. Tumbo iko yangu. Chekecha."

Mama alichekecha.

Na si unga tu. Nkambo alizaliwa kijijini upande wa Kapolowe, akaja mjini na mumewe aliyeandikwa kazi, lakini hakuwahi kukubali kwamba mjini mtu hununua. Sabuni alipika mwenyewe kwa majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya mawese, sabuni nyeusi, laini kama matope, yenye kuwasha kwapani siku nzima. Vumbi la makaa alilikusanya, akalikanda na udongo, akafinyanga madonge ya kuchoma, na sisi watoto tukaenda shule na mikono myeusi. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye lengalenga, mchicha wetu, maji ya kuogea kwenye migomba. Viatu vyetu vilikatwa katika vipande vya mkanda wa mpira ambavyo baba alipewa vikishachakaa. Havikuisha kamwe, nami niliomba Mungu viishe. Mifuko ya unga ilikuwa ya kitambaa, kwa hiyo ikawa nguo zetu za ndani. Nilimaliza darasa la tatu nikiwa na kilo hamsini zimeandikwa matakoni.

Halafu uzi. Mfuko wa posho ulishonwa mdomoni kwa uzi mzuri mweupe. Watu wengine walikata kwa kisu, wakamaliza. Nkambo aliketi, akapapasa, akatafuta ncha ile moja ambayo ukiivuta mshono wote unafunguka wenyewe, trrrr, uzi unatoka mzima bila kukatika. Kazi hiyo ilichukua muda tukiwa na njaa tumemzunguka. Kisha aliuviringisha kwenye kijiti. Alikuwa na kijiti kinene kama mkono wangu. Hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kugusa mfuko kwa kisu. Jirani wa nyumba ya pili, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa akiegemea ua na kumtania: "Nkambo, huo uzi wote utashona nini? Utashona barabara ya kwenda Lubumbashi?" Nkambo aliendelea kuviringisha.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja wakati yaya, dada yangu mkubwa, alipopata mchumba. Alikuwa mwalimu kijana, mtu mpole, familia yake ya kwenye misheni, watu wa kanisa sana. Mambo ya mwanzo yalikuwa yamepita vizuri. Ilibaki siku moja, ile ambayo kwetu inaogopwa kuliko nyingine: mama wa mwanamume na mjomba wake wanakuja nyumbani kwa binti, na binti anapika bukari kwa mkono wake mwenyewe. Hawatasema kwamba wamekuja kupima. Watasema wamekuja kusalimu. Lakini bukari ikiwa na madonge, au ikiwa laini ya kushikana vidoleni, watakula kidogo, watashukuru sana, watarudi kwao, na habari itakufa polepole bila mtu kueleza kwa nini. Yalikwisha kumpata binti mmoja wa kambi yetu. Yaya alijua.

Nilimpenda yaya kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeongea kwa niaba yangu. Mwalimu aliponiuliza kitu nikabaki kimya, watoto wakacheka, yaya ndiye aliyekuja kunichukua na kuwaambia, "Huyu anafikiri. Nyinyi munafikiri wakati gani?"

Posho ilikuwa imefika jana yake. Mfuko mpya ulikuwa stoo, haujafunguliwa, umeegemea ukuta. Mama alikuwa na hakika kwamba kwa leo nkambo atafungua. Nkambo alitoka stoo na kikapo cha unga, akakiweka mezani, na kabla sijauona nilikuwa nimeunusa.

"Mama," mama alisema taratibu, "leo ni bakwe."

"Nimechekecha mara mbili."

"Bakwe, mama! Mutoto wetu ataolewa na bunga ya fukusi?"

"Minye niliolewa na bunga ya muhogo yenye iliota ukungu," alisema nkambo, "na bwana yangu alikula miaka makumi tatu. Zamu ni zamu. Tukiruka leo juu ya bakwe, kesho tutaruka juu ya Noeli, na kesho kutwa hatuna depo, tuko na shimo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na shati lake safi. Mama alimtazama. Baba alitazama viatu vyake. Alikuwa fundi wa mashine kubwa kuliko nyumba, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto mwenye nguo za ndani za mfuko kama sisi. Yaya alichukua jagi akaenda bombani, na nilimwona mgongo unavyotikisika.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nkambo alikaa uani kunyonyoa kuku, na ufunguo aliuacha mlangoni mwa stoo kwa sababu ya haraka za siku ile. Mama alikuwa chumbani anajifunga kitenge. Nilichukua kikapo kile kutoka mezani, nikaingia stoo, nikarudisha mlango nyuma yangu. Mfuko mpya sikuweza kuugusa, kwa sababu ya uzi. Ningekata, nkambo angeona. Lakini nilifikiri kwamba kati ya madebe yale lazima liwepo lenye unga mzuri. Giza lilikuwa zito, mistari ya makaa sikuiona. Nikafungua moja moja na kunusa. Chungu. Chungu. Unanuka panya. Mwishoni kabisa, kwenye kona, nyuma ya yote, kulikuwa na debe dogo lililofunikwa kwa kitambaa. Nikaingiza mkono. Unga ulikuwa mkavu, mwororo, hauna donge hata moja, na ulinukia utamu. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamwaga nusu ya unga wa kikapo katika debe la mbele, nikajaza ule mtamu, nikachanganya kwa mikono, nikatoka. Hakuna aliyeniona. Mtu asiyesema huwa haonekani.

Ulikuwa kimea.

Nani kati yenu ambaye bibi yake alipika pombe ya mahindi? Huyo amekwisha kushika kichwa. Kwa wengine nitaeleza. Unaloweka mahindi mpaka yaote, unayakausha juani, unasaga. Unga wake unaonekana kama unga mwingine. Lakini ukitia kidogo katika uji mzito wa moto, uji unalegea, unakuwa maji. Ndiyo kazi yake katika pombe. Nkambo alikuwa ameutayarisha kwa Pasaka. Mimi sikujua, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa karibu na pombe.

Wageni walifika: mama wa mchumba na kitambaa chake cha kichwa cha kijani, na mjomba, katekista mwenye sauti ya kanisani. Mchumba mwenyewe aliketi pembeni, anatabasamu kwa ukuta. Yaya alikuwa jikoni, mbele ya mbabula ya makaa, na mimi nilikuwa namshikia sufuria kwa vipande viwili vya mfuko. Mwanzoni uji ulikataa kushika. Yaya aliongeza unga. Ukashika kidogo, ukalegea. Akaongeza tena, akasonga, jasho likamtiririka puani, akaongeza wote. Sasa ikasimama. "Iko na harufu nzuri," aliniambia kwa mshangao. "Kumbe nkambo alichagua." Akaichota kwa sahani iliyolowa maji, akaizungusha, ikawa mviringo mzuri kabisa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Akaifunika kwa sahani nyingine, akapeleka.

Watu walinawa. Kisha mjomba alisimama kuombea chakula.

Jamani, aliomba. Aliombea chakula, akaombea mikono iliyopika, akaombea kambi, wagonjwa wa hospitali, wasafiri wa reli, mvua, askofu, na wakuu wa nchi kama ilivyolazimika wakati ule. Nilikuwa nimesimama mlangoni macho wazi, natazama sahani, bila kujua kwamba chini ya kifuniko bukari ilikuwa inashuka. Kila alipoongeza mtu wa kuombewa, ilishuka kidogo.

"Amina," tukasema wote. Mama wa mchumba akafunua.

Hapakuwa na bukari. Palikuwa na ziwa. Kile kichwa kizuri kilikuwa kimelala chini kabisa mpaka ukingoni mwa sahani, kinang'aa, na katikati puto moja la hewa lilipanda, likapasuka, puf.

Mjomba aliinama, akatazama karibu.

"Bon," alisema. "Tulete kijiko, ao tulete kikombe?"

Mchumba akafumba macho. Mama yake hakucheka. Alimgeukia yaya, tena kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Binti yangu, kwenu Panda munapika hivi kila siku?"

Yaya alifungua mdomo, hakuna kitu kilichotoka. Siku ile tulikuwa dada kweli. Nilijua ni mimi. Sikujua nimefanya nini, lakini nilijua ni mimi. Mama alinitazama, baba akatazama viatu. Ningesema. Kama wangenyamaza kidogo tu zaidi, nafikiri ningesema.

Nkambo alikuwa ameingia kutoka uani. Alikuja mpaka mezani, akachovya kidole katika ziwa lile, akaweka ulimini. Nikaona uso wake unabadilika. Alijua mara moja kwamba ni kimea, bila shaka. Alikuwa amepika pombe miaka hamsini. Akageuka kutazama mlango wa stoo, kisha mikono yake mwenyewe, pande zote mbili.

"Mama mukwe, papa," alisema, "musimwangalie huyu mutoto. Yeye alipika vizuri. Minye ndiye nilimupatia bunga. Nilikosea debe. Macho yangu inakufa." Akavuta pumzi. "Mubakie. Hamutaenda na njaa kwangu."

Akaingia stoo. Tulisikia kitu kinachoburutwa. Alitoka anavuta mfuko mpya sakafuni, peke yake, amekataa baba asimsaidie, akaufikisha mpaka katikati ya sebule mbele ya wageni. Nikangoja aketi atafute ncha ya uzi. Hakuketi. Alichukua kisu cha kuku, kikiwa bado na manyoya, akakata mshono, kra, kra, kra, vipande vya uzi vikaanguka vifupi vifupi sakafuni. Nyuma ya ua nilisikia jirani mnene akisema, "He!" na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Lete mbabula hapa," nkambo alimwambia yaya. "Pika hapa. Baone mukono yako."

Yaya alipika mbele yao, machozi na jasho pamoja, na bukari ile ilisimama. Ilikuwa nyeupe kama shati la komunyo. Mjomba alikula mara mbili, mama wa mchumba alisema, "Aksanti, binti," akimtazama machoni, na baada ya miezi minne yaya aliolewa. Mimi pia nilikula, jikoni, na ilikuwa bukari yangu ya kwanza ya unga mpya.

Mnadhani lile ziwa lilitupwa? Tulilinywa siku tatu. Nkambo alitia sukari kidogo akasema ni munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi.

Lakini baada ya hapo nkambo hakuwa tena yule. Nilimwona mara nyingi ameketi stoo mlango wazi, amefungua kila debe, ananusa, anafunika, anarudi kunusa lile alilonusa sasa hivi. Alifuta mistari ya makaa akaandika upya, akafuta tena. "Niliweka kimea huku nyuma," alikuwa akijisemea. "Huku nyuma kabisa. Mukono yangu ilifika huku namna gani?" Mara moja aliniita niingie nimsaidie kukumbuka. Nilisimama mbele yake. Alikuwa amepiga magoti kati ya madebe, anasubiri, na mimi nilitazama vidole vyangu mpaka akasema, "Basi, uende ucheze."

Kabla ya mvua kuanza, alimpa mama ufunguo. "Chukua," alisema. "Mutu mwenye hajiamini hawezi kulinda chakula ya batu."

Mama alifanya sherehe, nami simlaumu, alikuwa amechekecha fukusi miaka karibu ishirini. Unga wa zamani wote ulikwenda kwa kuku na kwa nguruwe wa jirani. Kuanzia hapo tulikula mpya siku ya posho, kama watu wengine wote, kwa kisu, trap, na uzi kwenye takataka. Nkambo alikula kidogo. Madebe baba aliyatumia kuwekea misumari. Hata sabuni nyeusi ilikwisha, na nakumbuka nilifurahi kama mjinga.

Mnajua yaliyofuata, ninyi mliokuwa kambini. Posho ilianza kuchelewa wiki, kisha mwezi. Mfuko ukawa nusu. Samaki wakakatika, mafuta yakakatika, kisha likaja tangazo, kisha hata tangazo halikuja. King'ora chenyewe kililia siku kikipenda. Mama alikwenda kwenye chumba cha nkambo kumuuliza jinsi ya kuchoma majivu ya sabuni, na nkambo wakati huo alikuwa hawezi tena kuketi bila kushikiliwa. Alieleza kidogo, akachanganya, akaanza upya. Tulimzika kabla ya mvua nyingine.

Siku hizi nikipita Panda naona nyumba zilezile, mstari uleule, na kila mtu ana kijishamba mpaka mlangoni. Jirani mnene amekonda. Anafinyanga madonge ya vumbi la makaa, na aliniuliza kama nakumbuka udongo ulikuwa kiasi gani. Sikukumbuka. Inaniudhi mpaka nataka kupiga ukuta. Mwanamke yule alituchosha miaka yote na vitu ambavyo sasa tunavitafuta, hakuna mmoja kati yetu aliyekuwa akitazama mikono yake, tulikuwa tunatazama sahani za majirani. Inaniudhi kwamba alikuwa na haki, na inaniudhi zaidi kwamba, hata akiwa na haki, unga ule ulikuwa mbaya kweli.

Lakini si hayo yaliyonifanya ninunue karatasi.

Yaya ana watoto wawili wa kike. Wa kwanza alipewa jina la mama wa mume, wa pili jina la mama yetu. Jina la nkambo limekaa bila mtu. Huko ukweni kwake, mpaka leo, mjomba akitaka kuchekesha watu anamwita "Mama Munkoyo", na yaya anacheka nao huku shingo imekakamaa. Sasa ana mimba ya tatu, iko karibu. Jumapili ya mwezi jana nilikusanya nguvu nikamwuliza, akiwa anakunja nguo, kama safari hii atampa jina la nkambo.

"La nani?" alisema. "Ule mwenye alinipatia haya mbele ya bakwe, juu ya kung'ang'ania madebe yake? Hapana. Amekufa, namusamehe. Lakini jina yake kuita kila siku ndani ya nyumba yangu, hapana."

Nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa hapo, mbele ya meno. Yaya alinitazama akasema, "Nini? Sema," kwa sauti ileile aliyokuwa akinitetea nayo shuleni. Nikasema ninaumwa kichwa.

Kwa hiyo ninawauliza ninyi, msionijua uso. Yaya ndiye mtu pekee aliyeongea kwa niaba yangu. Nikimwambia, nitampoteza labda, na mtoto labda atapata jina. Nikinyamaza, nitaendelea kuwa na dada, na nkambo ataendelea kuitwa mwenye kosa ambalo si lake. Aliyewahi kumkosea ndugu yake hivi, aniandikie alivyofanya. Mwandiko wowote nitausoma, hata kama ni mbaya kuliko wangu. Ila andikeni mapema, tafadhali. Mimi ni mtu wa Jumapili tatu, na tumbo la yaya limekwisha kushuka.